Kwa nini dawa za bipola huleta njaa isiyokatika?

Saa mbili usiku umekula ugali na dagaa ukashiba, kisha ukameza kidonge. Saa tano uko jikoni gizani, unafunua hotipoti kutafuta chapati iliyobaki. Nyumbani wanasema siku hizi umekuwa mlafi. Si ulafi. Njaa hiyo ni ya kweli, na imeletwa na kidonge.

Baadhi ya dawa za bipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, olanzapini ikiongoza, hutuliza akili kwa kuziba vipokezi fulani vya ubongo, yaani milango inayopokea ujumbe wa kemikali. Pamoja na hivyo huziba vya kemikali mbili, histamini na serotonini, ambavyo husaidia kuuambia mwili kwamba imetosha. Tumbo limejaa, lakini habari ya kushiba inafika kichwani imefifia. Histamini hiyohiyo ndiyo inayokuweka macho, kwa hiyo unasinzia na kutembea kunapungua. Valproeti, dawa nyingine ya bipola, nayo hunenepesha. Lamotrijini, dawa nyingine tena, kwa kawaida haina tabia hiyo.

Lithiamu, nayo dawa ya bipola, ina njia zake. Figo huweza kushindwa kubana maji, mkojo unazidi, kiu haiishi. Usiitulize kwa soda, maana chupa moja ya mililita 300 ina sukari kama vijiko 8 vya chai; kunywa maji. Lithiamu inaweza pia kudhoofisha tezi ya thairoidi, ile ya shingoni inayoongoza kasi ya mwili kutumia chakula, uzito ukapanda hata kama hujaongeza chakula, ndiyo maana damu hupimwa mara kwa mara. Lakini tafadhali, usikate chumvi ghafla wala kujishindisha na njaa ili upungue. Chumvi au maji yakipungua mwilini, figo huirudisha lithiamu kwenye damu badala ya kuitoa, hadi ikawa sumu. Anayetaka kufunga Ramadhani aonane na daktari kabla mwezi haujaandama.

Kwetu unene husifiwa, "umenawiri!", na kilo huingia bila mtu kushtuka. Pima uzito na kiuno kabla ya kuanza dawa, kisha kila mwezi. Ukiona suruali inabana, sema mapema: daktari anaweza kubadilisha dawa, au kuongeza metformini, ile ya kisukari. Wengi huona aibu, wakaacha vidonge kimyakimya, na ugonjwa ukarudi kwa kishindo.

Na ninyi mlio naye nyumbani, msimhesabie matonge. Mwekeeni matango na karoti zilizokatwa pale jikoni, maana saa tano ataamka.