Kiwango cha kuyeyuka: kwa nini pomadi ya nazi hugeuka maji mwezi wa kumi

Kila mafuta magumu yana joto lake ambalo yakilifikia hulegea na kuwa majimaji. Joto hilo huitwa kiwango cha kuyeyuka. Kwa mafuta ya nazi ni karibu nyuzi 24 hadi 26 za Selsiasi, na hapo ndipo shida za wanaojitengenezea pomadi ya mwili Lubumbashi zinapoanzia.

Namba hiyo inaangukia katikati kabisa ya hali yetu ya hewa. Mji uko kwenye mwinuko wa mita kama 1,200. Mwezi wa sita na wa saba usiku hushuka hata chini ya nyuzi 10, na mama anayetaka kumpaka mtoto asubuhi hulazimika kuyachokoa mafuta kwa kijiko au kusogeza kopo karibu na mbabula (jiko la makaa). Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijashika, mchana hupita nyuzi 30, na chini ya mabati joto huzidi hapo. Kopo lile lile sasa linamiminika. Kati ya majira hayo kuna siku ambazo mafuta hulala yakiwa meupe na magumu, yakashinda yakiwa maji yanayong'aa. Bukavu, penye mita kama 1,500, mchana wa kawaida huukaribia mpaka huo wa kuyeyuka bila kuuvuka sana, kwa hiyo wenzetu wa kule hawaelewi kelele zetu.

Maji huganda na barafu huyeyuka kwenye nyuzi 0, basi. Mafuta ya nazi hayana mpaka mkali namna hiyo, kwa kuwa si kitu kimoja. Karibu nusu ya asidi zake za mafuta, yaani viungo vinavyoyajenga, ni asidi ya lauriki, kisha zipo za miristiki, kapriliki, kapriki na nyingine, na jinsi zinavyoungana ndivyo sehemu moja inavyotangulia kuyeyuka na nyingine ikachelewa. Kwenye nyuzi 20 kopo huonekana limeshikana, kumbe sehemu kubwa ndani yake tayari ni majimaji yaliyonaswa katikati ya chembe ngumu. Ndiyo maana kidole huzama bila shida.

Chembe hizo ndizo zinazobeba pomadi iliyopigwa. Unapopiga karite (siagi ya shea) na mafuta ya nazi kwa mashine ya mayai hadi yaumuke, unaingiza hewa, na chembe ngumu ndizo zinazozuia viputo visitoroke. Joto likipanda, chembe za nazi huyeyuka kwanza, ukuta unabomoka, hewa inatoka. Kopo lililojaa hadi kifuniko linabaki limepungua waziwazi, na mnunuzi anaamini ameuziwa nusu. Hakuna aliyempunja, ni hewa tu imeondoka. Usiku ukirudi baridi, mafuta hushikana tena lakini uvimbe haurudi; unabaki na kitu kizito kinachoteleza. Kukirudisha ni kuyeyusha chote, kupoza na kupiga upya.

Kuna na ule mchanga unaosikika vidoleni. Huo kwa kawaida ni wa karite. Ikipoa polepole, sehemu yake inayowahi kuganda hujikusanya na kuwa punje. Hazidhuru ngozi, zinakera tu. Dawa yake ni kuyeyusha hadi pasibaki punje hata moja, kisha kupoza haraka kwenye frigo, na umeme ukikatika, beseni la maji baridi huku unakoroga linatosha.

Wengi wakiona pomadi imelegea hukimbilia siagi ya kakao, kwa hesabu inayoonekana sahihi: kakao huyeyuka karibu nyuzi 34, nazi 25, ukichanganya nusu kwa nusu utapata katikati. Hupati. Mafuta yenye lauriki nyingi, kama ya nazi, na siagi ya kakao hayajengi chembe za pamoja; kila moja huvuruga ugandaji wa mwenzake, na mchanganyiko hulegea kuliko hesabu ilivyoahidi. Mtu anatumia kakao ya bei ghali na pomadi bado inamwagika. Kama unataka kakao kwa harufu yake, sawa, lakini punguza nazi sana.

Kwangu mimi kinachosaidia kweli ni nta ya nyuki. Katanga yetu hii ina watu wanaovuna asali msituni, kwa hiyo si kitu cha kuagiza mbali. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, hivyo hata joto la mchana wa mwezi wa kumi haliigusi. Kwa majira ya joto napendelea, katika kila gramu 100, karite 65, nazi 15, mafuta ya alizeti 15 na nta 5. Nta iyeyushwe kwanza kwenye bakuli lililokaa juu ya maji ya moto, la sivyo itaganda vipande. Mwezi wa saba nta hiyo hiyo itafanya pomadi ikatae kupakika. Iondoe, ongeza alizeti. Kanuni moja ya mwaka mzima hapa kwetu ni kujitafutia lawama. Kabla ya kujaza makopo yote, acha kijiko kimoja kwenye kisahani chumbani mchana kutwa uone kitakavyokuwa jioni.

Kuhusu kuharibika: kuyeyuka na kuganda hakuyaozeshi mafuta ya nazi. Zaidi ya asilimia 90 ya asidi zake ni za aina isiyoshikana kirahisi na oksijeni, ndiyo maana huchelewa kuchacha. Jua la moja kwa moja na kopo lisilofungwa ni jambo jingine, na alizeti uliyoongeza haina uvumilivu huo. Hatari kubwa zaidi ni maji. Kidole chenye maji, au jeli ya mshubiri aliyoongeza mtu kwa nia njema, hufungulia ukungu mlango.

Sokoni Kenya, soko la hapa hapa Lubumbashi, utasikia kwamba mafuta ya nazi yaliyo majimaji yamechakachuliwa. Mwezi wa kumi madai hayo hayana msingi. Asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba ni halali kuuliza: nazi ambayo imelala nje usiku kucha na bado ni maji matupu, ama imeondolewa sehemu zake zinazoganda, ama imechanganywa na mafuta mengine. Ila kuganda nako hakuthibitishi usafi. Mawese nayo huganda.