Alipona TB, mbona anatema damu? Maswali kuhusu fangasi wa mapafu

Shikamoo daktari. Mume wangu alimaliza dozi ya TB ya miezi 6, akapona. Sasa amekonda, na asubuhi makohozi yana michirizi ya damu. Yamepimwa mara mbili, hakuna TB.

Marahaba mama, pole kwa kuuguza. TB ikishakula pafu huweza kuacha pango. Vumbi la ukungu (fangasi) uitwao Aspergillus, ambalo sote hulivuta kila siku, likitua humo huota polepole na kusokotana kuwa bonge. Kwenye eksirei huonekana kama yai jeupe ndani ya duara jeusi. Mgonjwa akigeukia ubavu, mara nyingine bonge nalo hujiviringisha. Mishipa ya damu kwenye kuta za pango ndiyo inayovuja. Lakini saratani pia hutoa damu, kwa hiyo apigwe eksirei na apimwe damu kutafuta kingamwili, yaani askari wa mwili, dhidi ya fangasi huyo.

Wanataka kumwanzishia dawa za TB tena.

Hapa ndipo roho inaponiuma. Wengi hurudishiwa dozi ambayo haiwezi kumgusa fangasi. Muulize daktari, "Fangasi ameangaliwa?" Si kumvunjia heshima.

Je, ataambukiza watoto?

Hapana. Kuleni naye sahani moja.

Dawa ipo?

Ipo, itrakonazo, kwa miezi 6 au zaidi. Kapsuli zake humezwa pamoja na chakula. Dawa za kupunguza asidi tumboni huzipunguzia nguvu, na rifampisini ya TB huufanya mwili uzivunje upesi. Kama ana ugonjwa wa moyo, aseme mapema. Wengine hufanyiwa upasuaji.

Nimesikia waliopandikizwa pafu huugua fangasi huyuhuyu.

Kweli, na kwao ni hatari zaidi. Humeza dawa za kushusha kinga maisha yote ili mwili usilikatae pafu, hivyo fangasi hupenya hadi kwenye nyama yenyewe. Wengi hupewa dawa ya kuwakinga kabla hawajaugua.

Tunalima mahindi na tumbaku hapa Urambo. Aache?

Asiache kulima. Kupukuchua mahindi yaliyoota ukungu, kufagia ghala na kusafisha bani la kukaushia tumbaku wafanye wengine, yeye akae mbali na vumbi.

Na akitema damu nyingi, msingoje kupambazuke. Mlazeni kwa ubavu wa pafu bovu, mtafute usafiri wa hospitali usiku huohuo.