Pawa fakta ni nini? Hesabu ya msukumo kwenye bastola za mashindano

Jumapili jioni, tumekaa barazani hapa Kikuyu, Dodoma, mpwa wangu wa kidato cha nne alinisogezea simu yake. Kwenye video mzee mmoja Mzungu anapima baruti kwenye mizani ndogo kama ya sonara, anaandika namba daftarini, anapima tena. "Mjomba, huyu si anatengeneza risasi zenye nguvu zaidi ili awashinde wenzake?" Nikamwambia ni kinyume chake. Huyo mzee anahangaika kupunguza nguvu, ila anaogopa asije akavuka mstari kwenda chini. Mstari wenyewe unaitwa pawa fakta, na ukiuelewa huo, karibu kila kitu ulichokuwa hukielewi kwenye mchezo wa bastola, ule wa kupiga shabaha huku saa ikihesabu, kinajieleza chenyewe.

Hesabu yake ni fupi. Chukua uzito wa kichwa cha risasi, kile kipande kinachoruka kwenda kwenye shabaha, uzidishe kwa mwendo wake, halafu ugawanye kwa 1,000. Uzito unapimwa kwa greni na mwendo kwa futi kwa sekunde, maana mchezo huu ulizaliwa Marekani na vipimo vyake vimebaki vya kwao. Greni jina lake latokana na punje ya nafaka, shayiri kwa asili. Kwa sisi watu wa mtama, greni 1 ni miligramu 65 hivi, yaani kama punje mbili au tatu za mtama mkononi. Kichwa cha risasi ya milimita 9 chenye greni 124 kina gramu 8 tu. Kikitoka kwa futi 1,010 kwa sekunde, ambazo ni kama mita 308, basi 124 mara 1,010 ni 125,240. Gawanya kwa 1,000 upate 125.24.

Hiyo 125 ndiyo sakafu. IPSC, shirikisho la dunia la mchezo huu, lililoanzishwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri, na Mmarekani Jeff Cooper akawa rais wake wa kwanza, lina ngazi mbili: maina na meja. Maina inaanzia 125. Meja inaanzia 170 kwenye kundi la bastola za kawaida, yaani Standard, na 160 kwenye kundi huria la Open. Meja hapa haihusiani na cheo cha jeshi. Maana yake ni kubwa, na maina ni ndogo. Kaulimbiu yao ya Kilatini ina maneno matatu: usahihi, nguvu, wepesi. Usahihi unaonekana kwenye shabaha na wepesi unaonekana kwenye saa. Nguvu ilihitaji kipimo chake, la sivyo kila mtu angekuja na risasi laini isiyotikisa mkono, akawapita wote.

Sasa kwa nini wazidishe uzito na mwendo, wasipime nishati? Hapa ndipo mpwa wangu alipokaa sawa, kwa sababu darasani wanafundishwa momenta, yaani msukumo wa kitu kilicho kwenye mwendo. Pawa fakta ni momenta ileile, imevaa vipimo vya kizamani. Nenda soko la Majengo asubuhi uone mkokoteni umejaa magunia ya alizeti unashuka taratibu, na bodaboda tupu inapita kasi. Vinaweza kubeba msukumo sawa kabisa, kimoja kwa uzito, kingine kwa mbio. Risasi ni vivyo hivyo. Kichwa cha greni 147 kwa futi 860 kinatoa 126.42. Kichwa cha greni 115 kwa futi 1,090 kinatoa 125.35. Msukumo ni karibu uleule, lakini nishati ya mwendo ya kile chepesi ni jouli 410 hivi, na ya kile kizito ni 327 hivi. Kama kanuni ingepima nishati, mwenye kichwa kizito angeonewa.

Iko pia sababu ya kihistoria, na mimi naipenda kuliko zote. Zamani, kabla vifaa vya kielektroniki havijashuka bei, nguvu ya risasi kwenye mashindano ilipimwa kwa pembea: kipande kizito kimening'inizwa, unakipiga risasi, unaangalia kimesogea kiasi gani. Mwingereza Benjamin Robins alieleza pembea ya namna hiyo mwaka 1742. Na pembea kwa maumbile yake hujibu msukumo. Nishati nyingi hupotelea kwenye joto na kubonyea, msukumo haupotei. Kwa hiyo kanuni ilifuata kile ambacho kifaa chenyewe kiliweza kuona.

Siku hizi kazi hiyo inafanywa na kronografu, kifaa cha kupimia mwendo wa risasi, na ndiyo sehemu ya mashindano ambayo wengi wanaikaribia tumbo likiwa joto. Mwamuzi anachukua risasi 8 kutoka kwenye akiba yako, si zile ulizozichagua wewe. Moja inafunguliwa, kichwa kinachomolewa na kuwekwa kwenye mizani. Kinasomeka, tuseme, 123.8; uliandika 124 kwenye fomu, lakini kinachohesabika ni cha mizani. Kisha risasi 3 zinapigwa kwa bastola yako mwenyewe kupita juu ya vitambuzi viwili, kifaa kinasoma muda kati ya cha kwanza na cha pili, namba zinajitokeza: 1,021, kisha 1,009, kisha 1,016. Unachukua wastani. Usipofika, zinapigwa 3 nyingine na kuchaguliwa 3 bora kati ya 6. Ukikosa tena imebaki 1, na hiyo unaamua mwenyewe: ipigwe, au kichwa chake kipimwe ukiomba Mungu kiwe kizito zaidi. Aliyejiandikisha meja akashindwa hushushwa maina. Aliyeshindwa hata maina anaruhusiwa kuendelea kupiga, lakini alama zake hazihesabiwi.

Zingatia hayo maneno "bastola yako mwenyewe". Pawa fakta si mali ya risasi peke yake, ni ya risasi na mtutu kwa pamoja. Risasi ileile ikipita kwenye mtutu mrefu husukumwa na gesi kwa muda mrefu zaidi, hivyo hutoka kwa kasi zaidi. Kwenye mtutu mfupi inapungua. Ndiyo maana mtu anayebadilisha mtutu hurudi kupima upya kana kwamba ameanza leo.

Hali ya hewa nayo imo, na sisi wa Dodoma tunaielewa haraka. Baruti ya aina nyingi husukuma zaidi ikiwa na joto na hupoa nguvu kwenye baridi. Mtu akipima risasi zake mchana wa Oktoba, jua la Dodoma linapiga nyuzi zaidi ya 30, akapata 126, akajipongeza, halafu akashindana asubuhi ya Julai watu wamejifunika vitenge na makoti, anaweza kukuta 123. Ndiyo sababu wazoefu hawakai ukingoni. Wengi hulenga 128 mpaka 132 na kulala usingizi.

Tuje kwenye faida ya meja, maana mpwa wangu aliuliza vizuri: kama risasi laini ni rahisi, nani ahangaike na 170? Jibu liko kwenye alama. Ukipiga eneo la katikati, A, kila mtu anapata 5. Nje kidogo, eneo C, meja anapata 4 na maina 3. Eneo D, meja 2, maina 1. Jumla ya alama inagawanywa kwa sekunde ulizotumia. Weka wapigaji wawili, kila mmoja risasi 12, kila mmoja A 9 na C 3. Meja ana 57, maina ana 54. Meja akimaliza kwa sekunde 8, kiwango chake ni 7.125. Ili maina amfikie lazima amalize kwa sekunde 7.58 hivi. Tofauti ni chini ya nusu sekunde, na hiyo nusu sekunde maina anaitafuta kwenye teke dogo, yaani bastola inaruka kidogo mkononi inapofyatuka na kurudi kwenye shabaha mapema.

Kwa hiyo karibu kila kinachofanyiwa bastola ya mashindano ni mapatano na teke. Nilipokuwa JKT tulifundishwa kuliegemeza teke la bunduki begani. Bastola haina bega, ina viganja tu. Kichwa cha gramu 8 kwa mita 308 kinarudisha msukumo uleule mkononi. Ukiacha gesi za baruti, bastola ya kilo 1.2 inarudi kwa mita 2 kwa sekunde hivi, na ya plastiki ya gramu 650 karibu mita 3.8. Ndiyo maana wengine wanatafuta chuma kizito. Wengine wanabadilisha springi ilingane na risasi yao. Kwenye Open wanafunga kompenseta, kipande chenye matundu mdomoni mwa mtutu kinachorusha gesi juu ili pua ya bastola isiinuke. Standard hairuhusu kompenseta, na bastola pamoja na magazini yake, kile kikasha cha risasi, lazima iingie kwenye sanduku la milimita 225 kwa 150 kwa 45. Meja ya Standard inataka kichwa chenye kipenyo cha milimita 10 kwenda juu. Greni 180 kwa futi 950 ni 171, imepita kwa nywele.

Na risasi za dukani? Nyingi za milimita 9 zenye greni 124 hutoka kwa futi 1,100 mpaka 1,150. Chukua 1,150, unapata 142. Mshindani wa maina anabeba pointi 17 za teke asizolipwa. Hapo ndipo yule mzee wa kwenye simu anapoingia: anaokota maganda yaliyotumika, anaweka fataki mpya ya kuwashia, baruti na kichwa kingine, ili apate risasi inayofika kwenye mstari wake bila kupitiliza.

Hapo nilimshika mpwa wangu mkono, kwa sababu niliona macho yake. Hesabu hii ni ya kila mtu, kazi ile si ya kila mtu. Baruti ikiwekwa mara mbili kwenye ganda moja kwa kusahau inaweza kupasua bastola mkononi. Ikikosekana, fataki peke yake inaweza kukisukuma kichwa kikakwama katikati ya mtutu, na risasi inayofuata ikakuta njia imezibwa. Na hapa kwetu kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015: leseni ya kumiliki bastola si kibali cha kutengeneza risasi. Mchezo wa shabaha tunao, vikosi vyetu vinashindana kila mara, na kijana mwenye jicho zuri ana mlango halali wa kuingilia.

Alinielewa. Akachukua daftari, akaniomba nimpe namba za mwisho ajaribu mwenyewe. Nikampa greni 124, futi 1,008. Akazidisha, akapata 124.992, akaandika 125 na kupigia mstari chini yake kama walivyozoea darasani. Nikamfutia. Kwenye kanuni za mchezo huu hakuna kukadiria kwenda juu, hata 124.9999 si 125.