Fomati ya video ni nini, na kwa nini mashine ya gemu inaikataa?

Bibi harusi alikuwa anacheza, kamati nzima nyuma yake, kina mama midomo wazi kwa vigelegele, na sebuleni kwetu Nyegezi, Mwanza, hakuna aliyesikia chochote. Shangazi alikuwa amevuka ziwa kutoka Nansio, flashi kaifunga kwenye pindo la kitenge kama pesa. Akaitazama TV, akanigeukia mimi. "Mbona hawaimbi?"

Tulikuwa tunaangalizia kwenye mashine ya gemu ya mwanangu. Deki ilishakufa siku nyingi, na tundu la flashi la TV watoto walilivunja. Mwanangu akasema spika zimeungua. Jirani akasema flashi ina virusi. Mimi nikachukua padi nikabonyeza kila kinachobonyezeka, maana mwenye nyumba hawezi kukaa tu. Sote watatu tulikuwa nje ya mada. Flashi ilikuwa nzima, spika nzima, na faili lenyewe halikuwa na kasoro yoyote: ukiliweka kwenye laptopu, vigelegele hadi nje. Shida ilikuwa kwenye kitu ambacho watu tunakitaja kila siku kwa neno moja, fomati, wakati ndani yake kuna mambo matatu yasiyofanana.

Wengi wetu tukisema fomati tunamaanisha zile herufi za mwisho wa jina la faili, baada ya nukta: AVI, MP4, MKV. Kwamba MP4 inakubali kila mahali, MKV ni ya kompyuta, na kadhalika. Faili la harusi lilikuwa MP4, na bado likagoma nusu. Ndiyo maana nataka tuanzie Mwaloni.

Ukienda Mwaloni pale Kirumba asubuhi utakuta dagaa wakipakiwa kwenye viroba vilivyotumika. Kimoja kimeandikwa sukari, kingine mchele, kingine chakula cha kuku. Mnunuzi mzoefu hasomi maandishi. Anafungua mdomo wa kiroba, anaingiza mkono, anatoa dagaa wachache, anawanusa. Herufi za mwisho wa faili ni yale maandishi ya kwenye kiroba. Zinakwambia chombo kilichobeba, hazikwambii kilichobebwa.

Chombo hicho wataalamu wanakiita kontena. Kazi yake ni kukusanya pamoja mkondo wa picha, mkondo wa sauti (au sauti mbili tatu, kama muvi ina Kiingereza na Kiswahili), maandishi ya tafsiri kama yapo, na ratiba inayosema sauti ya sekunde hii iende na picha ya sekunde hii. AVI ni kiroba cha zamani, cha Microsoft, mwaka 1992. MKV imeanza 2002 na jina lake kamili ni Matroska, limetokana na wale midoli wa Kirusi wa mbao, ukimfungua mmoja ndani kuna mwingine. Jina limemfaa, kwa sababu MKV inameza karibu aina yoyote ya picha na sauti. Hapo ndipo penye utamu wake, na hapo hapo ndipo penye usumbufu: kiroba kinachopokea kila kitu hakikuahidi chochote kuhusu kilichomo.

Kilichomo ndiyo kodeki. Haina undugu na deki, ingawa fundi mmoja wa Igoma aliwahi kunibishia. Kodeki ni kanuni ya kubana picha au sauti wakati wa kuhifadhi na kuifungua wakati wa kuonyesha. Ili uone kwa nini lazima ibanwe, piga hesabu kidogo. Picha moja ya HD kamili ina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani nukta 2,073,600. Kila nukta ikichukua baiti 3 za rangi, picha moja ni megabaiti 6 na ushee. Chukulia video ya picha 25 kwa sekunde. Hiyo ni megabaiti 155 kila sekunde, kabla hujaweka sauti. Flashi ya GB 16 ingejaa kabla ya dakika mbili kuisha. Bwana harusi hajashuka hata kwenye gari.

Kodeki inafanya ujanja. Chukulia umesimama ufukweni unarekodi Jiwe la Bismarck, mtumbwi unapita mbele yake. Jiwe halijaondoka, anga halijabadilika. Kodeki inahifadhi picha moja nzima, halafu kwa picha zinazofuata inaandika tu kilichosogea: mtumbwi umehama kutoka hapa kwenda pale, mengine acha kama yalivyokuwa. Baada ya muda inaweka tena picha nzima, inaendelea. Kwa njia hiyo zile megabaiti 155 zinaweza kushuka hadi moja hivi kwa sekunde na macho yako yasilalamike. (Kinachoitesa kodeki ni maji yenyewe. Mawimbi madogo yanayometameta jua la jioni yanabadilika kila mahali kila wakati, kwa hiyo hakuna cha kuacha kama kilivyokuwa. Video za ziwani zinakuwa nzito, au zinatoka na vile vijiboksi. Usimlaumu mpiga picha haraka.)

Ziko kodeki nyingi, na kila kizazi kina yake. DVD zinatumia MPEG-2. Muvi nyingi za AVI tulizokuwa tukijaziwa zamani zilibanwa kwa DivX au Xvid. Hiyo ya pili ni jina la kwanza lililoandikwa kinyumenyume, utani wa watengenezaji. Mwaka 2003 ikaja H.264, ambayo mpaka leo ndiyo inayokubalika sehemu nyingi kuliko zote. Mwaka 2013 ikaja H.265, inayoweza kukupa ubora ule ule kwa karibu nusu ya uzito. Na sauti nayo ina zake, tena hazifuati picha: MP3, AAC, AC-3, DTS, na PCM ambayo ni sauti mbichi isiyobanwa kabisa.

Sasa rudi kwenye mashine ya gemu. Kompyuta ikikutana na kodeki isiyoijua, unaweka VLC, programu ya kuchezesha video, yamekwisha. Mashine ya gemu haikupi nafasi hiyo. Orodha ya inachokijua imefungwa na aliyeitengeneza, na unasubiri yeye aamue kuiongeza. Ukichomeka flashi, kuna milango mitatu, na kila mmoja una mlinzi wake.

Mlango wa kwanza hauna habari na video kabisa. Ni namna flashi yenyewe ilivyopangwa ndani, kile unachochagua ukisema "kufomati flashi". Hapa neno fomati linatuchanganya tena, kwa kuwa hii ni fomati nyingine. Kuna FAT32, exFAT na NTFS. PlayStation 3 (PS3) inasoma FAT32 tu. Ukiileta NTFS itakaa kimya kana kwamba hujachomeka kitu. PS4 inapokea FAT32 na exFAT. Xbox One inakwenda hadi NTFS. FAT32 inapokelewa karibu kila mahali, ila ina ugonjwa mmoja: haibebi faili lenye GB 4 au zaidi. Kwa ile hesabu ya megabaiti moja kwa sekunde, hiyo ni kama saa moja na dakika kumi za video. Harusi ya huku kwetu saa hiyo ndiyo kwanza MC anaomba radhi kwa kuchelewa. Ndiyo maana unaambiwa faili ni kubwa mno wakati flashi ina GB 20 tupu, na unaona umeonewa.

Mlango wa pili ni kiroba. PS3 haitambui MKV, hata kama ndani kuna picha na sauti ambazo ingezionyesha vizuri kabisa zingekuja kwenye MP4. Mlinzi kaona kiroba asichokijua, kakirudisha bila kufungua. PS4 ilipotoka Novemba 2013 haikuwa na programu ya kuchezesha video za flashi. Ililetwa 2015, na hiyo inapokea MKV, AVI na MP4.

Mlango wa tatu ndio unaoumiza watu, kwa sababu hauna alama kwenye jina la faili. Mashine inafungua kiroba, inaulizia kodeki ya picha, inaulizia kodeki ya sauti. Zote mbili lazima ziwe kwenye orodha. Unaweza kuwa na MKV mbili zinazofanana jina na ukubwa, moja ina H.264 nyingine H.265, na hiyo programu ya PS4 ikacheza ya kwanza ikakataa ya pili. Mwenye kibanda cha gemu atakwambia mashine ina ubaguzi. Haina, imeingiza mkono kwenye kiroba.

Kwa nini wasiweke kodeki zote basi? Sababu ya kwanza ni chipu. Kufungua video kwa ulaini kunafanywa na sehemu maalumu ya chipu iliyochongwa kwa kodeki fulani, na chipu ikishatoka kiwandani haichongwi tena. Sababu ya pili ni fedha: kodeki nyingi zina hati miliki, na anayeziweka kwenye mashine analipa. Xbox ya kwanza, ya 2001, ilikuwa na mlango wa DVD lakini muvi ya DVD haikucheza mpaka ununue rimoti na kipokezi chake pembeni, na gharama ya leseni ilikuwa humo. Nintendo Wii ya 2006 ilimeza diski lakini muvi ya DVD hapana. Nintendo Switch ya 2017 haina kabisa programu ya kuchezesha muvi zako za kwenye kadi. Wakati mwingine orodha inaongezwa baadaye: Desemba 2007, mwezi ule ule, PS3 na Xbox 360 zote zilipata uwezo wa kucheza DivX kwa kusasishwa tu. Siku hizi watengenezaji hawana haraka hiyo, maana wanatarajia uangalie muvi kwa intaneti. Bando la nani, hilo hawaulizi.

PS2 ndiyo haina maneno mengi. Inacheza DVD, faili la flashi haina habari nalo ingawa ina tundu. Ila hata diski ina mlinzi wake: DVD zimegawiwa kanda za dunia, Tanzania iko kanda ya 5, Uingereza kanda ya 2. PS2 ya mtumba iliyotoka Uingereza inaweza kukataa diski halali kabisa iliyotengenezwa kwa ajili ya huku, na mtu akaenda kubadilisha lenzi bure.

Kuna dawa, na moja maarufu ambayo si dawa: kubadilisha jina. Kufuta MKV na kuandika MP4 kwa mkono ni kuandika upya kiroba kwa makapeni. Dagaa hawajabadilika.

Dawa halisi ni mbili na zinatofautiana sana kwa gharama. Ya kwanza ni kuhamisha kiroba. Kama kodeki zote mbili zinakubalika na tatizo ni MKV tu, unazitoa humo unazitia kwenye MP4 bila kuzigusa. Kwa programu ya bure ya FFmpeg, muvi nzima inaweza kumalizika kabla maji ya chai hayajachemka, na ubora haupungui hata chembe. Ya pili ni kubana upya: kufungua picha yote na kuibana kwa kodeki nyingine. Hiyo kwenye laptopu ya kawaida inaweza kula saa kadhaa, na kila mara ubora unapungua kidogo, kwa sababu kodeki ikibana inatupa vitu ambavyo havirudi. Vijana wengi wa kujaza muvi wanafanya hii ya pili kwa kila faili kwa vile programu waliyonayo ina kitufe kimoja tu, na ndiyo maana muvi iliyopita mikono mitatu inaonekana kama imerekodiwa kwenye ukungu. Kabla ya kubana chochote, fungua faili kwenye VLC, angalia taarifa za kodeki, uone kilichomo.

Ndivyo nilivyofanya kwa flashi ya shangazi. Kiroba: MP4. Picha: H.264. Sauti: PCM. Kamera ya mpiga video ilikuwa ya kisasa, inarekodi sauti mbichi ili isipoteze kitu, na mashine yetu kwenye MP4 inaijua AAC. Kwa hiyo picha iliachwa kama ilivyo, sauti peke yake ikabadilishwa:

ffmpeg -i harusi.mp4 -c:v copy -c:a aac harusi2.mp4

"Copy" hapo inaambia programu isiguse picha. Ilichukua dakika chache. Nikarudisha flashi kwenye mashine, shangazi akiwa ameshavuta kiti karibu, na vigelegele vikaanza kwa nguvu kiasi kwamba jirani alirudi kuchungulia mlangoni. Shangazi akasikiliza kidogo, akainua mkono.

"Rudisha nyuma, mwanangu. Pale mwanzo sikusikia waliimba wimbo gani."