Mkono wa roboti uliobeba hewa

Alasiri moja mwezi uliopita, hapa Uyole, Mbeya, niliutazama mkono wa roboti ukibeba hewa. Ulishuka vizuri hadi kwenye beseni, ukafumba vidole vyake viwili vya plastiki, ukanyanyuka, ukazunguka mpaka juu ya kreti, ukafumbua vidole polepole kama anayetua yai, kisha ukarudi kuchukua jingine. Parachichi lenyewe lilikuwa bado kwenye beseni. Kidole kilipoligusa lilibiringika kama sentimita mbili, na mkono ukaendelea na safari kana kwamba umelibeba.

Mkono ule niliufundisha kwa kuuonyesha. Unaushika, unauongoza kwa mkono wako mwenyewe kutoka beseni hadi kreti, kamera iliyo juu ya meza inapiga picha, na kompyuta inaandika kila kiungo kimejikunja nyuzi ngapi. Nilifanya hivyo mara 60. Baada ya hapo mtandao wa neva bandia, yaani programu yenye maelfu ya namba zinazorekebishwa kidogo kidogo mpaka majibu yake yafanane na yangu, ukajifunza jambo moja tu: ukiona picha kama hii, sogea hivi. Huko ndiko kujifunza kwa kuiga.

Sasa angalia kilichokosekana. Katika zile mara 60, mimi nilishika parachichi sawasawa kila mara. Hakuna hata picha moja ya vidole vilivyofumba huku tunda limekimbilia ukingoni mwa beseni. Roboti ilipojikuta hapo ilitenda kana kwamba inaona picha iliyokaribiana zaidi kati ya zile ilizofundishwa, ile ya vidole vilivyofumba juu ya beseni, na katika picha hiyo hatua iliyofuata ilikuwa kunyanyuka. Ikanyanyuka. Ilifuata nilichoifundisha, hatua kwa hatua.

Ubaya wa kosa la namna hii ni kwamba huzaa. La kwanza linaipeleka roboti mahali isipopajua, huko inakosea zaidi, inasogea mbali zaidi na inapopajua. Mwaka 2010 watafiti Stéphane Ross na Drew Bagnell walionyesha kwa hesabu kwamba kwa kuiga kwa namna hii makosa yanaweza kukua kwa kipeo cha pili cha urefu wa kazi. Kazi ikirefuka mara 2, makosa yanaweza kufika mara 4. Ikirefuka mara 10, mara 100. Ndiyo maana roboti inaweza kukupendeza kwa sekunde tano za kwanza na kukuvunja moyo dakika hiyohiyo.

Jumapili iliyofuata nilishuka Tukuyu kwa shangazi yangu, ambaye amechambua na kuuza maparachichi miaka mingi kuliko niliyokaa mbele ya kompyuta. Baada ya shikamoo na chai nikaketi pembeni ya ndoo zake nikaangalia mikono tu. Hashiki tunda kwa ncha za vidole. Analilaza kiganjani, analikunjia vidole, anasikia ulaini wake kwa kiganja kizima. Kidole gumba hakigusi kabisa, kwa sababu alama ya gumba kwenye parachichi linaloiva hugeuka doa jeusi baada ya siku mbili, na mteja analiona. Nikamuuliza, "Likiteleza, shangazi?"

"Mwanangu, likiteleza mkono huu umeshafika chini."

Kweli. Mkono wa kushoto ulikuwa unatangulia chini ya ule wa kulia kila safari, hata pale tunda lisipoteleza. Niliporudi nyumbani nikafungua video zangu zote 60. Mimi nilikuwa nimeonyesha kazi isiyo na kuteleza. Yeye kuteleza kumo ndani ya kazi yake.

Watafiti walikutana na jambo hili zamani. Mwaka 1989 Dean Pomerleau wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alitengeneza ALVINN, mtandao mdogo wa neva ulioendesha gari kwa kutazama picha ya barabara ya nukta 30 kwa 32 tu. Dereva mzuri hukaa kwenye njia yake, kwa hiyo mwanafunzi wake hajawahi kuona gari likiwa limeelekea pembeni. Ni kama utingo aliyekaa kushoto kwa dereva makini akishuka Mlima Nyoka kila siku: anaijua kona, lakini hajaona usukani unavyorudishwa tairi linapogusa changarawe. Pomerleau alizihamisha picha kwa kompyuta zionekane kana kwamba gari limetoka njiani, akakokotoa usukani ungepaswa kukatwa kiasi gani ili lirudi, akaufundisha mtandao na hizo pia.

Mwaka 2011 Ross, Geoffrey Gordon na Bagnell wakaja na njia ninayoipenda kuliko zote kwa uungwana wake. Iache roboti ifanye yenyewe, ikosee. Kila ilipofika, hata pabaya, mwalimu aseme: hapa ungefanya hivi. Majibu hayo yaongezwe kwenye data, ifundishwe upya, iachwe tena. Makosa hayakui tena kwa kipeo cha pili, yanakwenda sambamba na urefu wa kazi. Nimerudia mzunguko huo mara nne sasa. Parachichi likibiringika, mkono unasimama, unarudi nyuma kidogo, unalifuata.

Kuna jambo la pili, nalo ni la kupanga. Roboti iitwayo Shakey, iliyotengenezwa California kati ya 1966 na 1972, haikuiga mtu. Ilipanga. Kwa ajili yake zilibuniwa A*, njia ya kutafuta mapito mafupi iliyochapishwa mwaka 1968, na STRIPS, mfumo wa kupanga matendo wa mwaka 1971, ambamo kila tendo lina masharti yake ya kutangulia na mabadiliko linayoyaleta. Shakey iliishi katika vyumba vyenye maboksi makubwa na kuta zilizonyooka, nami sidhani kama mtu ataandika masharti ya kulishika parachichi bivu lenye umande. Lakini ngazi ya juu ya kazi yangu inaandikika vizuri kabisa: tendo la "weka kwenye kreti" linadai kwanza kwamba mkono una kitu. Mstari huo mmoja ungeizuia roboti kubeba hewa. Kwa hiyo sasa mpango uko juu na kuiga kuko chini: mpango unauliza kama mkono umejaa, na vidole vinajua namna ya kuujaza.

Kuna wanaosema tuache roboti ijaribu yenyewe mpaka ijue. Inawezekana. Mwaka 2016 watafiti wa Google walieleza jinsi walivyoweka mikono ya roboti hadi 14 ikijaribu kushika vitu, majaribio zaidi ya 800,000. Mimi nina mkono mmoja, umeme unaokatika, na maparachichi ya kununua.

Kinachonisumbua sasa ni mwanga. Asubuhi ukungu ukiwa umekaa dirishani kila kitu kwenye kamera ni kijivu, saa nane mchana jua linaingia moja kwa moja na ngozi ya tunda inang'aa. Parachichi la aina ya Hass nalo hubadilika kutoka kijani hadi zambarau iliyokolea likiiva, kwa hiyo kreti ya Jumatatu si kreti ya Ijumaa. Narekodi saa zote, pazia likiwa wazi na likiwa limefungwa.

Jumamosi shangazi anapanda Kosta kuja Uyole. Safari hii mkono wa roboti atauongoza yeye, na nimemwomba aje na ndoo moja ya yale yaliyoiva kabisa, ambayo mimi bado naogopa kuyaweka kwenye beseni.