Kazi za misaada ya kibinadamu: uongo unaozunguka na ukweli wake

Vijana wengi wananiuliza hii kazi mtu anaianzaje, na karibu wote wanakuja na maneno yaleyale waliyoyasikia huko nje. Naona nichambue moja moja maana kuna watu wazuri kabisa wanakata tamaa kabla hata hawajajaribu, na wengine wanalizwa hela zao.

DHANA: Lazima uwe daktari au nesi.

Hapana jamani. Chukulia kambi ya watu elfu kumi waliokimbia mafuriko. Viwango vya Sphere, yaani viwango vya kimataifa vya misaada ambavyo mashirika mengi yanavifuata, vinasema kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku na choo kimoja kisizidi watu 20, sasa piga hesabu, hizo ni lita laki moja na nusu kila siku ya Mungu, na vyoo mia tano. Nani anachimba? Nani anatibu maji, nani ananunua mabomba, nani anaendesha lori, nani yuko stoo anaandika kilichoingia na kilichotoka, nani anahakikisha fundi kalipwa na risiti zipo? Mimi mwenyewe nilianzia stoo, nahesabu mablanketi na ndoo, na pale ndo nilijifunza kwamba daktari bila watu wa maji hana hata ya kunawia mikono. Mhasibu, dereva, fundi bomba, mtu wa manunuzi, mtu wa data, mkalimani, wote hao wanahitajika. Kijana ambaye hajachagua fani akiniuliza namwambia lojistiki, yaani mambo ya usafirishaji, manunuzi na stoo, au maji na usafi wa mazingira.

DHANA: Ukiwa na huruma inatosha.

Huruma iwepo, bila hiyo hutakaa. Lakini huruma bila utaratibu inaumiza watu. Baada ya tsunami ya 2004 yalifika marundo ya nguo ambazo waathirika hawakuziomba wala hawakuzihitaji, na kila mzigo kama huo unakula nafasi ya stoo na muda wa watu ambao wangekuwa wanashusha dawa na chakula. Ndo maana kazi hii ina misingi minne: utu, kutobagua, kutoegemea upande, na kujitegemea kimaamuzi. Mitatu ya kwanza iliwekwa kwenye azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1991, wa nne ukaongezwa baadaye. Ukienda kwenye usaili usiikariri tu, ielewe. Kutoegemea upande maana yake hata unachoandika kwenye ukurasa wako binafsi kina uzito, kwa sababu wenye silaha pale kwenye kizuizi cha barabarani wakishaamini shirika lenu ni la upande wa pili, gari la chakula halipiti, na wanaolala njaa ni watu waliokuwa wanawasubiri nyinyi.

DHANA: Kazi yenyewe ni ya kupanda ndege kwenda mbali.

Hii ndo inayoniuma zaidi. Sehemu kubwa sana ya wafanyakazi wa misaada ni wenyeji wa nchi hiyohiyo yenye shida, na hao pia ndo wengi kati ya wanaouawa kazini. Tarehe 19 Agosti dunia inawakumbuka wafanyakazi wa misaada kwa sababu siku hiyo mwaka 2003 bomu lilipiga ofisi za Umoja wa Mataifa kule Baghdad likaua watu 22. Mwaka 2016 wafadhili na mashirika makubwa walikubaliana angalau asilimia 25 ya fedha ziyafikie mashirika ya wazawa ifikapo 2020, na 2020 ikapita lengo halijatimia. Pamoja na hayo, shirika dogo la karibu na wewe ndo mlango wa kweli, pale utajifunza kuandika ripoti, kuhoji kaya, kugawa vitu foleni isigeuke vurugu.

DHANA: Bila masters huitwi. Kwa baadhi ya nafasi za juu ni kweli, kwa kuanza sio kweli. Lugha ya ziada kama Kifaransa au Kiarabu inaweza kukufungulia milango ambayo cheti hakiifungui.

DHANA: Kuna ada ya kufanyiwa mpango wa kazi.

Huo ni wizi, nukta. Umoja wa Mataifa hautozi hela hatua yoyote ya ajira, sio fomu, sio usaili, sio mafunzo. Nafasi zinatangazwa wazi kwenye tovuti ya ReliefWeb, na kozi za bure zipo kwenye tovuti zinazoitwa Kaya na DisasterReady. Hata kujitolea kupitia UNV, mpango wa Umoja wa Mataifa ulioanzishwa mwaka 1970, ni wewe unayepewa posho ya kujikimu, sio wewe unayelipa.

DHANA: Ukiingia umeshatoka kimaisha.

Mikataba mingi ni ya miezi, mradi ukiisha na wewe umeisha nao. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada na kuifunga USAID, shirika lake la misaada, watu wenye uzoefu wa miaka mingi walijikuta hawana kazi ndani ya wiki chache. Kwa hiyo fani yako iwe ile inayoajirika na kwingine pia, na kabla ya kutuma maombi soma matangazo kama ishirini ya nafasi unayoitaka, andika kila wanachokirudiarudia, halafu jiulize ni kipi kati ya hivyo unaweza kuanza kujifunza wiki hii.