Samaki wa umeme si betri yenye mapezi

Akitajwa samaki wa umeme, wengi Nairobi huwaza mtu anayeruka kama aliyeshika waya wa stima. Samaki wa kumrusha mtu hivyo ni kambare wa umeme, Malapterurus, anayeweza kufikisha volti 350. Domodomo wa Ziwa Victoria, Mormyrus kannume, ni wa ukoo mwingine: umeme wake ni hafifu, na ukitumbukiza mkono kwenye tangi lake hutahisi chochote. Kuhusu samaki wa aina hii husikika dhana nne potofu.

“Huhifadhi chaji, akiitumia inaisha.” Sivyo. Kila pigo la umeme huundwa upya, ndiyo maana domodomo aliyelazwa kwenye barafu sokoni Gikomba hana hata chembe ya umeme, ingawa mtambo wote bado uko pale penye shina la mkia. Mtambo wenyewe ni misuli iliyogeuka: seli bapa zilizopangwa kama sahani katika safu nne. Neva ikileta amri, milango ya sodiamu (vitundu vinavyoingiza chembe za sodiamu zenye chaji) hufunguka kwanza upande wa nyuma wa seli, kisha wa mbele. Kila upande hutoa takriban milivolti 100, na kwa kuwa pande hizo zimepeana mgongo, pigo hupanda halafu hushuka chini ya sifuri. Seli zikifyatuka pamoja, volti zao hujumlika kama mawe ya tochi. Zikipishana, pigo hufifia. Kisha sodiamu lazima isukumwe nje tena, na nguvu ya kazi hiyo hutoka kwenye chakula.

“Hubadilisha ishara yake apendavyo.” Hapa ndipo watu hukosea zaidi, kwa kuchanganya wakati wa pigo na umbo la pigo. Wakati huamuliwa na shina la ubongo: amri moja, pigo moja. Akitulia hutoa machache kwa sekunde. Akikuta kitu kigeni huongeza hadi makumi. Umbo hutegemea maumbile ya seli na milango yake, wala halibadiliki papo hapo. Katika spishi kadhaa za ukoo wa domodomo, homoni ya testosteroni hurefusha pigo la dume, lakini hilo huchukua siku kadhaa. Baridi nayo hurefusha pigo. Ukipima Julai bila kuandika joto la maji, utakuwa unalinganisha hali ya hewa, si samaki.

“Wote hutoa mapigo.” Gymnarchus niloticus, anayepatikana Ziwa Turkana, hutoa wimbi lisilokatika, mizunguko mamia kwa sekunde. Mtafiti Hans Lissmann aliliripoti mwaka wa 1951. Samaki Eigenmannia wa Amerika Kusini naye hutoa wimbi. Akikutana na jirani mwenye masafa (idadi ya mizunguko kwa sekunde) yanayokaribiana na yake, mmoja hupandisha, mwingine hushusha, wasivurugane.

“Ule mvumo kwenye spika ndio samaki.” Mapigo ya samaki huweza kusikika kwenye spika kupitia amplifaya iliyounganishwa na nyaya zilizo majini, lakini mvumo huo mara nyingi ni stima ya nyumba, hezi 50. Tumia amplifaya ya betri, chomoa pampu na hita, kisha tumbukiza nyaya mbili zilizochunwa ncha, zikiachana sentimita 10 hadi 20. Domodomo husikika kama punje za mahindi zikidondoka kwenye sufuria, bila mpangilio sawa. Akikaa amekingama na mstari wa nyaya, sauti hufifia ingawa mapigo hayajapungua. Zungusha nyaya kabla ya kusema amenyamaza.